Kamba Mkononi mwa Shangazi

Shangazi alikubali nijifunze kupiga mbizi kwa sharti moja, na alilitoa huku akigeuza maandazi kwenye mafuta, bila hata kunitazama. Siku ya mtihani wa mwisho atakuwepo botini, aone kwa macho yake ninavyoshuka na ninavyorudi. Akipenda anachokiona, niendelee. Asipopenda, kesho yake asubuhi niwe Chikongola mjini, nyuma ya meza ya duka la vitambaa la baba yangu mdogo, nikipima shashi mpaka atakapotokea wa kunioa. Niliitikia haraka sana. Shangazi alikuwa hapandi chombo hata cha kuvuka kwenda Msangamkuu, kwa hiyo nikajisemea sharti hilo litajifia lenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, simu za mkononi zilipokuwa bado zinatembezwa shingoni zionekane. Pale Mikindani ulikuja mradi wa kutunza matumbawe, ukatafuta vijana wa pwani wa kufundishwa kuzamia na mitungi ya hewa. Walichukuliwa watatu: vijana wawili wa Msangamkuu wanaoogelea tangu hawajaota meno, na mimi, ambaye bahari nilikuwa naijua magotini tu, kwenye kuchokoa pweza. Mpaka leo naamini walinichukua kwa sababu kwenye usaili mimi peke yangu ndiye niliyeuliza kama kutakuwa na chakula cha mchana.

Mama yangu mzazi aliishi Mahurunga na mume wake, wakilima mpunga na korosho. Shangazi ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa, na hakuwa na mtoto mwingine. Neno lake lilikuwa la mwisho, hakuna pa kukata rufaa. Nami ile kazi niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Nilipenda rangi za kule chini, nilipenda uzito kuniondoka mwilini, na zaidi ya yote nilipenda kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa mahali ambapo mtu hawezi kuniita nikamletee kitu.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa nguo. Nguo ya kuzamia ni ya mpira na inabana. Shangazi aliikuta imeanikwa uani, akaizunguka, akaishika kwa vidole viwili, akauliza, "Na ya kuvaa juu yake iko wapi?" Jioni ile ile tukaenda kwa fundi, nikashonewa sketi ya kitenge cha kijani yenye lastiki kiunoni. Ndani ya maji sketi ile ilipanda mpaka kifuani, na nikiinama inanifunika uso. Mwalimu wa mradi akapiga marufuku kushuka nayo, shangazi akapiga marufuku kutoka nyumbani bila ya kuivaa. Nikapata njia ya katikati: naivaa mpaka botini, naivua wakati wa kuruka, naikunja na kuitia kwenye mfuko wa jaketi la kuzamia. Kila mtu akaridhika kwa kadiri alivyojua.

Mwalimu wetu alikuwa Mzanzibari, mtu mzima, mwembamba, asiyecheka akiwa na miwani usoni. Alitufundisha mambo mengi lakini lililotutoa jasho ni boya. Hili si boya la wavuvi. Ni mfuko mrefu mwembamba wa rangi ya machungwa, umekunjwa kiunoni mwako, umefungwa kamba, na kamba imezungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki. Ukiwa bado chini unaukunjua, unautilia pumzi kidogo, unauachia. Unapaa, kamba inajifungua, unasimama juu ya maji ukiwaambia walio botini kwamba uko hapa. Wewe mwenyewe unabaki chini ya kamba, kwenye kina kidogo, unatulia dakika tatu ili mwili uzoee, ndipo unatoka taratibu.

"Ukitoka bila ya boya, kapteni hakuoni," mwalimu alikuwa akisema. "Mkondo wa hapa si wa mchezo. Utakwenda kuwaamkia watu Msumbiji, na pasipoti huna."

Na lingine alilolirudia kila siku ni hili: "Boya ndilo linalopanda, si wewe. Kamba ikikuvuta, iachie. Boya lina bei, wewe huna."

Tulianza nchi kavu. Tulipiga magoti mchangani, miwani usoni, tukipuliza mfuko na kuachia kamba huku tukijifanya tuko ndani ya maji. Akina mama waliokuwa wanatoka sokoni wakasimama kututazama. Mmoja akaniuliza kwa huruma ule mpira ni wa mgonjwa gani. Nikamjibu ni wa mwalimu, hali yake si nzuri. Mwalimu alisikia, akanifanya nipulize mara kumi zaidi.

Nyumbani nikaendelea na mazoezi kwa vifaa vyangu. Nilichukua mfuko wa rambo, uzi wa kushonea nyavu na mrija wa soda, nikatia kichwa kwenye pipa la maji ya mvua na kujaribu kuujaza mfuko kwa chini. Shangazi alitoka jikoni akakuta miguu yangu na mgongo tu, kichwa kimo pipani, mapovu yanachemka. Hakupiga kelele. Alinivuta kwa ukosi wa gauni, akanitazama nilivyolowa, akasema, "Maji hayo ni ya kupikia." Kisha akarudi jikoni. Siku ile tulikula muhogo wa kuchoma.

Baharini nilianza vibaya. Mara ya kwanza nililitilia boya pumzi nyingi mno na kidole changu kikiwa kimenasa kwenye kamba, tukapaa wote wawili, nikaibukia juu kwa kishindo. Mara ya pili kamba ilijizungusha kwenye mtungi wangu nikawa nazunguka kuitafuta. Vijana wa Msangamkuu walikuwa tayari wanalituma boya lao huku wanatazama pembeni, kwa maringo. Niliwachukia kwa wiki nzima. Halafu siku moja, bila ya sababu ninayoijua, mikono ikakubali. Boya likatoka kwangu, likaenda juu limenyooka, kigurudumu kikazunguka mkononi bila kukwama. Mwalimu alitikisa kichwa kidogo, na kwa mtu kama yeye hivyo vilikuwa vigelegele.

Nahodha wa boti alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, Mmakonde wa Msimbati. Yeye ndiye aliyelipa boya lile jina la karoti, na jina likashika hata kwa mwalimu. Mimi na yeye tulitaniana kama shemeji wanavyotaniana, na utani huo una sheria zake: unamfanyia mwenzako unachotaka, naye akikasirika ameshindwa. Anachoweza ni kulipa.

Basi nilipoona karoti imenitii, shetani wangu akaamka. Siku iliyofuata, kabla sijaitilia pumzi, nilitoa ile sketi ya kijani mfukoni nikaifunga kwenye kamba, chini kidogo ya boya. Karoti ikapanda na sketi imetanda. Shemeji aliyekuwa juu aliona sketi anayoijua inakuja peke yake bila mwenyewe. Sisi kule chini tulisikia injini inawaka, inazima, inawaka tena, boti inazunguka. Nilipoibuka, nilimkuta amesimama mikono kichwani, midomo inatembea, keshafika kwenye dua. Nilicheka mpaka maji yakanipanda puani.

Shemeji akashusha mikono. "Nnangu," akasema polepole, kama Wamakonde wanavyomwita mwenzao, "hii utailipa. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia dada yako."

Alinilipa baada ya siku chache. Nilikuwa nimetulia chini ya karoti yangu, nahesabu dakika, mwalimu kando yangu, nikaona kitu kinashuka kwenye kamba. Ulikuwa mfuko wenye matundu, umefungwa jiwe, ndani yake chapati iliyokatwakatwa. Ulipofika usawa wa uso wangu, samaki wa kata nzima walikuwa wameshapata habari. Walinidonoa masikio, walinidonoa vidole, mmoja aliushika unywele wangu na hakutaka kuuacha. Ndiyo siku niliyomwona mwalimu akipiga samaki makofi. Tulipotoka alitugombeza wote wawili, mimi na shemeji, mpaka tunafika gatini. Alisema karoti ni ulimi wa mtu aliye chini, na ulimi ukizoea kusema uongo hausikilizwi. Tuliitikia kwa adabu. Kisha shemeji akanikonyeza.

Mtihani ukatangazwa. Haukuwa ghubani kwetu, bali nje ya Msimbati, upande wa kuelekea mdomo wa Ruvuma, kwenye mkondo. Nikamweleza shangazi mambo yote ambayo yangemkatisha tamaa. Boti inanuka petroli. Atanusa ndimu, akasema. Hakuna kivuli. Mwavuli anao. Ni mbali, kutwa nzima. Atapika pilau. Nilipoanza kusema habari za mawimbi akanikata. "Mwanangu," akasema, "unataka nisije?"

Alikuja amevaa baibui, hina mbichi miguuni, simu yake kwenye kimfuko cha kufuma shingoni, hotipoti mkononi. Shemeji alipomwona mkwe wake anashuka gatini, utani wote ulimtoka. Kwa mkwe huchezi. Njia nzima hakumtazama usoni. Akitaka kusema naye anasema na mimi. "Shemeji, mwambie mama asogee kidogo, jua." Na mama yuko pale, hatua mbili kutoka kwake, anasikia.

Mwanzoni shangazi alikuwa ameshika ubavu wa boti kwa mikono miwili, macho kwenye sakafu. Baada ya kupita Msangamkuu akaanza kuinua uso. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaweka kiganja nje, akaacha maji yapite katikati ya vidole, akaanza kusimulia. Baba yake, yaani babu yangu, alikaa miaka mingi bila mtoto wa kiume, kwa hiyo alikuwa akimchukua yeye baharini. Walitega mishipi mirefu iliyofungwa kwenye madumu matupu, madumu yakaachwa yaelee. Kazi yake yeye ilikuwa kuyatazama. Dumu likichezacheza, unalifuata, unashika kamba, unavuta mkono juu ya mkono bila kusita, maana ukisita samaki kaenda. Kuogelea hakufundishwa. Babu alisema mwenye chombo analowa kwa nini? Alipovunja ungo akawekwa ndani, na tangu hapo hakukanyaga chombo tena mpaka siku ile. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwahi kusikia hata neno moja la hayo. Nilisikia wivu kidogo, kana kwamba alikuwa na mwanamke mwingine ndani yake ambaye hakutaka nimjue.

Vijana wa Msangamkuu walitangulia, mmoja mmoja, wakafaulu, wakapanda botini wakala pilau. Ikawa zamu yangu. Nilikunja sketi nikaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza sikuwa na wazo la kuitumia. Shangazi alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Rudi," akasema, basi.

Kule chini mambo yalikwenda vizuri kuliko siku yoyote. Maji yalikuwa na ukungu wa mto lakini mwalimu nilimwona. Mkondo ulitusukuma juu ya matumbawe, na aliponipa ishara nilikunjua karoti, nikaitilia pumzi kiasi, nikaiachia. Ikaenda. Nikapanda taratibu nikikunja kamba, nikafika mahali pa kusubiri, nikatulia. Mwalimu akanionyesha saa yake: dakika tatu zinaanza. Nikawa nimekwisha kufaulu, nilichobakiwa nacho ni kutulia, na nilikuwa namwona shangazi akirudi nyumbani kuwaringia majirani.

Yaliyotokea juu nimesimuliwa na shemeji, ambaye kila mwaka anayatia chumvi mpya, kwa hiyo naandika yale tu ambayo shangazi mwenyewe hakuyakana.

Karoti ilipochomoza, shemeji alisogeza boti karibu kama kawaida. Mimi kule chini nilikuwa nakaza kamba, na kila nikikaza karoti inainama, inasimama, inainama. Shangazi aliitazama. Ilikuwa inachezacheza. Mikono yake haikumuuliza ruhusa. Aliinama, akaikwapua karoti akaibana kwapani, akashika kamba na kuanza kuvuta, mkono juu ya mkono, bila kusita.

Mimi nilisikia kigurudumu kinanitoka. Nikapanda kidogo bila kutaka, nikajirudisha, kikavutwa tena kwa nguvu ambazo si za wimbi. Mwalimu alinitolea macho. Nikafanya kile nilichofundishwa kila siku: nikaachia. Kigurudumu kikaruka juu kikapotea.

Shangazi aliangukia mgongo. Alipoinuka akakusanya kamba yote mpaka mwisho, na mwisho wake ukaja na kigurudumu cha plastiki kinachodondosha maji. Akakigeuza huku na huku.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

Shemeji aliangua kicheko. Alisahau hata ukwe. "Mama, huyo ndivyo alivyo. Anatania. Wiki iliyopita kaleta sketi."

"Nimekuuliza mtoto yuko wapi."

"Yuko chini, mama. Atatoka."

Vijana wawili wa Msangamkuu nao walicheka, midomo imejaa pilau. Shangazi alivua kiatu kimoja, cha pili akakisahau, akaikumbatia karoti kifuani, akasema Bismillahi, akajitupa baharini.

Mimi nikiwa pale nimetulia, mikono mitupu, nikaona kwanza mapovu mengi meupe. Likatokea baibui limetanda. Ikatokea miguu miwili inayopiga maji kila upande, na kwenye unyayo mmoja hina nyekundu niliyoipaka mwenyewe jana yake. Kiatu cha mguu wa pili kikavuka, kikashuka taratibu katikati yangu na mwalimu. Mwalimu alikitazama kinavyopita mpaka kikaishia kwenye ukungu.

Nikaelekea juu. Mwalimu akanikamata jaketi. Akaniwekea saa mbele ya miwani: bado. Alikuwa na haki yake, muda ndio mtihani, na nikitoka sasa nimeanguka. Niliitazama saa, nikaitazama ile miguu. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati ule, si kwa ajili ya kazi wala kwa ajili ya Chikongola. Niliutoa mkono wake nikapanda.

Nilichokikuta juu ni hiki. Shangazi ameikumbatia karoti, mtandio umemfunika jicho moja, anatema maji. Shemeji yuko ukingoni mwa boti, amenyoosha pondo kwa ajili yake, lakini kwa kuwa baibui limempanda shangazi na yeye ni mkwe, amegeuza uso upande wa pili, na pondo linapapasa maji mahali ambapo hakuna mtu.

"Nitazame, we mtoto," shangazi alikuwa anamwambia. "Huo mti unampa nani?"

"Samahani mama, siwezi mama," shemeji akajibu, akitazama Msumbiji.

Nilimshika shangazi kwa nyuma, nikajaza hewa jaketi langu, tukaelea. Aligeuka kunitazama, akanishika uso wote kwa mkono mmoja, miwani na kila kitu, halafu akanipiga kofi.

"Ulikuwa unakwenda wapi, shangazi?" nikamuuliza. "Hujui kuogelea."

"Nilikuwa nakuja kukuchukua," akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jambo la kijinga.

Kumpandisha botini kulichukua watu wote. Vijana walimvuta, mwalimu aliibuka akasukuma kutoka chini akiomba radhi kila hatua, na shemeji alishika ngazi amefumba macho. Alipokwisha kukaa, alikamua baibui, akaitoa simu kwenye kimfuko, akaigeuza maji yakatoka, akaiweka kando. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, nimeshajua. Nililiona duka la Chikongola waziwazi, mpaka mkasi unavyoning'inia kwenye msumari. Nilitaka kulia na niliona aibu kulia mbele ya wale vijana.

Baada ya muda shangazi akamgeukia mwalimu. "Kafaulu?"

Mwalimu alikuwa mtu wa haki. "Hakufaulu, bi mkubwa. Boya kalituma vizuri sana, sijapata kuona. Lakini katoka kabla ya wakati."

"Kwa nini alitoka?"

"Alikuona wewe ndani ya maji."

"Na kamba aliiachia kwa nini?"

"Ilivutwa. Kamba ikivutwa, ndivyo nilivyomfundisha."

Shangazi aliokota kigurudumu sakafuni akakiviringisha kwenye viganja vyake. "Kwa hiyo yeye kafanya alivyofundishwa," akasema, "na mimi nimefanya nilivyofundishwa."

"Naam."

"Basi mrudishe chini. Mwanangu hawezi kuandikiwa kuanguka kwa mkono wangu." Nikainua uso. Akaniona. "Usicheke. Ya Chikongola tutayaongea nyumbani, mimi sijasema kitu. Kwanza ufaulu. Na hiyo kamba ikija juu, nitaishika mimi."

Mwalimu akamweleza, kwa upole wote wa Kizanzibari, kwamba kuishika ni sawa, kuivuta si sawa. Hata ikicheza. Hata ikicheza sana. Shangazi akasema amesikia, yeye si kiziwi.

Tulipumzika mpaka jua likapinda kidogo, mitungi ikabadilishwa, pilau likaisha. Nikashuka tena. Mikono yangu ilikuwa mizito na nilichelewa kidogo kuikunjua karoti, lakini ilikwenda, na safari hii nilipofika mahali pa kusubiri niliijua kamba kuwa si ile ya asubuhi. Ilikuwa hai. Kulikuwa na mkono upande wa pili. Ilikaza nusu ya kiganja, ikalegea, ikakaza, ikalegea tena, na nilielewa kwamba kule juu kuna mwanamke anapigana na mikono yake mwenyewe. Shemeji aliniambia baadaye kwamba shangazi alikuwa amekusanya pima mbili tatu za kamba mapajani na kuzibana kwa magoti, macho ameyafumba.

Dakika zilikuwa zinakwenda. Mwalimu alikuwa mbele yangu na saa yake. Nilijua ninachopaswa kufanya ni kutulia tu, kama maiti. Na hapo ndipo shetani wangu, ambaye nilidhani amezama na kile kiatu, akanigusa bega. Niliizungusha kamba kidoleni, nikaivuta chini mara mbili, kwa nguvu, jinsi samaki mkubwa anavyovuta akishameza.

Mwalimu alifumba macho. Kamba ikakazika mpaka nikaisikia kwenye mfupa. Nikalegeza vidole, tayari kuiachia.

Haikupanda. Ilikaa vilevile, imekaza, muda ambao hata sasa siwezi kuukadiria. Kisha ikaanza kulegea, polepole, kipande kwa kipande, ikinijia kutoka juu kwa mizunguko milaini iliyoelea mbele ya miwani yangu. Ilinichukua muda kuelewa anachokifanya. Shangazi alikuwa ananiongezea kamba.